Salfa na Mkaa: Historia ya Dawa ya Ukungu

Leo hatutazungumzia nafasi za kupandia wala mbolea. Leo tunaeleza habari za ule unga wa njano ambao wakulima wa nyanya na viazi huukoroga kwenye maji na kuunyunyizia majani ili kuzuia ukungu. Kwenye lebo huandikwa Mancozeb. Sisi tutaiita mankozebu. Je, dawa hii ilitoka wapi? Inatengenezwa kwa vitu gani? Na kwa nini mwaka 2020 nchi za Umoja wa Ulaya ziliamua kuiondoa mashambani mwao? Mkulima anayejua asili ya dawa anajua pia namna ya kujikinga nayo.

Haya, tuanze na kiberiti. Hatusemi kile cha kuwashia moto, tunasema yale madini ya njano ambayo wengi huyaita salfa. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaifahamu sana, kwa sababu hupuliza unga wake kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga. Hiyo ni salfa tupu. Mankozebu ni kitu kingine: ni salfa iliyounganishwa kiwandani na kaboni, yaani kile kitu kinachofanya mkaa uwe mkaa.

Mtu wa kwanza kuunganisha vitu hivi viwili alikuwa Mjerumani, Wilhelm August Lampadius, katika mji wa Freiberg, mwaka 1796. Baadaye viwanda vilifanya hivi: mkaa ulipashwa moto mpaka ukawa mwekundu ndani ya chombo kilichofungwa, kisha mvuke wa salfa ukapitishwa katikati yake. Ule mvuke uliotoka ulipopozwa, yalipatikana maji mazito kuliko maji ya kunywa, yenye harufu mbaya, yanayokauka upesi kama petroli. Maji hayo huitwa kaboni disulfidi. Ni hatari kwa moto: hata bomba la mvuke wa maji linaweza kuyawasha, bila cheche yoyote.

Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa katika mpira. Mwaka 1846 Alexander Parkes wa Uingereza aligundua namna ya kuimarisha mpira mwembamba bila kuupika, kwa kuuchovya katika dawa iliyoyeyushwa ndani ya kaboni disulfidi. Mafundi wa Paris wakaitumia njia hiyo kutengeneza vibofu na mipira mingine myembamba, wengi wao katika vyumba vidogo visivyopitisha hewa. Mwaka 1856 daktari mmoja wa mji huo, Auguste Delpech, alieleza mambo aliyoyaona kwa mafundi hao. Waliumwa kichwa, walisahausahau, walikuwa wakali kwa jambo dogo, miguu iliishiwa nguvu, na nguvu za kiume zilipotea. Wengine walipatwa na wazimu. Sababu ilikuwa ule mvuke waliokuwa wakiuvuta kila siku.

Basi, ndugu wakulima, shikeni jambo hili, maana litarudi tena: habari ya ubaya wa dawa hizi ilitoka kwanza katika mwili wa mtu anayezishika kwa mikono yake.

Muda si mrefu maji yale yakafika shambani. Katika miaka ya 1860 mizabibu ya Ufaransa ilianza kukauka bila sababu kujulikana. Mwaka 1868 wataalamu walichimba mizizi wakakuta wadudu wadogo sana wakiifyonza; mdudu huyo anaitwa filoksera. Mwaka 1869 Paul Thénard alijaribu kumwaga kaboni disulfidi ardhini karibu na Bordeaux. Kipimo kilikuwa kikali mno, mizabibu nayo ikafa. Baadaye kipimo kilipunguzwa, vikatengenezwa vyombo vya kuchoma ardhi na kudungia dawa karibu na mizizi. Ilisaidia, lakini ilikuwa ghali, na ilibidi irudiwe mara kwa mara. Mwenye shamba kubwa aliweza. Mkulima mdogo hakuweza. Mwishowe kilichookoa zabibu za Ufaransa kilikuwa kubebesha: miche ya kwao ilibebeshwa juu ya mashina ya mizabibu ya Marekani, ambayo mizizi yake humvumilia mdudu yule.

Sasa twende Marekani. Mwaka 1906, katika mji wa Akron, fundi wa kemia George Oenslager aligundua kwamba dawa fulani zikichanganywa na mpira, mpira huiva upesi sana. Mojawapo ya dawa hizo ilitengenezwa kwa kaboni disulfidi. Magari yalikuwa yanaongezeka na viwanda vya matairi vilihitaji dawa hizo kwa wingi. Nyingine zikafuata, kama ile iitwayo thiramu. Kwa hiyo vitu hivi vilikuwa tayari ghalani, kwa ajili ya matairi, kabla mtu yeyote hajafikiria kuvipeleka shambani.

Watu wa kampuni ya Du Pont, Tisdale na Williams, ndio waliojaribu kama vinaweza kuua ukungu wa mimea. Mwaka 1934 walipewa hataza, yaani haki ya uvumbuzi huo. Thiramu ikawa dawa ya kupaka mbegu, ili zisioze ardhini kabla ya kuota.

Vita Kuu ya Pili ikasukuma mambo mbele. Dawa ya ukungu iliyotumika zaidi wakati huo ilikuwa mrututu na chokaa. Lakini mrututu hutokana na shaba, na shaba ilitakiwa vitani. Mwaka 1943 ikatangazwa dawa mpya ya majimaji, nabamu. Hii hupatikana kwa kuchanganya kaboni disulfidi, kostiki soda ile ya kutengenezea sabuni, na kemikali nyingine moja. Tabu yake ilikuwa kuharibika upesi. Mwaka huo huo Heuberger na Manns, katika jimbo la Delaware, waliongeza chumvi ya zinki pamoja na chokaa, na dawa ikakaa vizuri kwenye majani ya viazi. Baadaye, badala ya zinki, ikawekwa manganizi. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Rohm and Haas ikaweka vyote viwili, manganizi na zinki. Huyo ndiye mankozebu.

Kwa nini imedumu muda mrefu hivyo? Kwa sababu haishambulii ukungu mahali pamoja tu. Inaharibu mambo mengi kwa mpigo ndani ya kijidudu cha ukungu, na hivyo ukungu haupati upesi njia ya kuizoea. Lakini hukaa juu ya jani tu, haiingii ndani. Ndiyo maana inakinga na haiponyi, na mvua kubwa huiosha.

Sasa turudi kwa watu. Mwaka 1937 daktari wa kiwanda kimoja cha Marekani, E. E. Williams, aliandika kwamba wafanyakazi walioshika thiramu walishindwa kunywa pombe. Wakionja kidogo tu, uso huwa mwekundu na moyo huenda mbio. Miaka kumi baadaye, mjini Copenhagen, Jens Hald na Erik Jacobsen walikuwa wakijaribu ndugu yake thiramu kama dawa ya minyoo. Wakaimeza wenyewe, wakanywa pombe, wakaugua vile vile. Mwaka 1948 waliitangaza kuwa dawa ya kuwasaidia walevi kuacha pombe, na bado hospitali zinaitumia. Ona basi: dawa ya tairi, dawa ya mbegu na dawa ya mlevi ni ukoo mmoja.

Na mankozebu? Ikipata unyevu, ikizeeka au ikipikwa pamoja na chakula, hutoa kitu kingine kiitwacho ETU kwa kifupi. Majaribio ya panya yalionyesha kwamba kitu hicho huharibu tezi ya shingoni na kuleta uvimbe. Desemba 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza kibali cha mankozebu. Sababu zilizotajwa ni kwamba inaweza kudhuru uzazi na kuvuruga homoni za mwili.

Ndugu wakulima, hatusemi haya ili mwache nyanya zenu ziliwe na ukungu. Fundi wa Paris hakuambiwa alichokuwa akivuta. Mfanyakazi wa mpira hakujua kwa nini pombe ilimkataa. Leo mwenye bomba la kunyunyizia ndiye anayeishika dawa, naye anastahili kujua. Kwa hiyo: weka paketi mahali pakavu, usitumie iliyoshika unyevu. Vaa glavu, funika pua na mdomo, na fuata upepo, usiuelekee. Mama mjamzito asikoroge wala asinyunyizie. Hesabu siku zilizoandikwa kwenye lebo kabla ya kuvuna, na nyanya zioshwe kabla ya kupikwa. Mbegu zilizopakwa thiramu zisiliwe kamwe, wala asizipewe kuku. Na aliyezishika asinywe pombe. Pia nyunyizia kabla ugonjwa haujaingia, maana baada ya hapo unapoteza fedha na afya pamoja.

Mwenye swali amwone bwana shamba au bibi shamba wake. Kwa leo tunaishia hapa. Kazi njema.