Upande wa Giza wa Zuhura

Mtu wa pwani akipanda Arusha, kitu cha kwanza kumtazama usoni ni Meru. Mlima huo una mita 4,562; umeupita Mauna Kea wa Hawaii, wenye mita 4,205, ambako zimesimama darubini mashuhuri za miale ya infraredi. Mbona basi Meru usibebe yake?

Miale hiyo iligunduliwa mwaka 1800 na mtu aliyeanza maisha kwa muziki, William Herschel, mzaliwa wa Hannover aliyehamia Uingereza. Aliupasua mwanga wa jua kwa mche wa kioo, akaweka kipimajoto ng'ambo ya wekundu, pasipo rangi yoyote. Kikapanda.

Adui wa miale hiyo ni mvuke wa maji. Kilele cha Mauna Kea hukaa juu ya mawingu, katika hewa kavu. Meru nao hupokea pumzi ya bahari yetu hii hii, ikapanda bara na kuangukia miteremko ya kusini ikiwa mvua. Migomba hushukuru, mwanafalaki hanuni, lakini hafurahi.

Hata hivyo mvuke haumezi yote, huacha madirisha. Mwaka 1984 David Allen na Crawford walitangaza kwamba, wakitazama upande wa usiku wa Zuhura kupitia madirisha hayo, wameona mawingu yakichorwa na joto lipandalo kutoka chini yake. Zuhura tuliyeisifu kwa mng'aro ikaanza kusomeka gizani. Darubini yao ya Australia ilikuwa na kioo cha mita 3.9, lakini kilima chake, Siding Spring, hakifiki mita 1,200. Mji wa Arusha uko juu zaidi, kwenye mita 1,400 hivi.

Kumbe mlima si hoja kuu. Hoja ni chombo: spektromita ya picha, inayoipa kila nukta ya sayari utepe wake wa miale, na humo hewa za sayari zikasomwa kwa mapengo zinayoacha. Chombo hicho kina joto lake. Kisipopozwa sana ndani ya kasha lisilo na hewa, hujiona chenyewe badala ya Zuhura. Kikiwa kikubwa ni taabu kukipoza, tena hupinda darubini inapoinama. Ndiyo maana mafundi hujibidiisha kukifinya.

Na tangu miaka ya 2000, wapenzi wa nyota wasio na cheo wala kituo wamelipiga picha joto la upande huo wa giza kwa darubini ndogo, uani mwao.