Moto wa Bweranyange

Nilipokuwa mtoto nilitumwa kuni karibu kila jioni, wala sikuwahi kufikiri kwamba ndani ya moto kuna elimu. Moto ulikuwa moto tu: mafiga matatu, chungu cha ndizi, moshi, na mama akijifuta macho kwa ncha ya kanga. Elimu ilikuwa shuleni, ubaoni, na ilitoka mbali. Imepita miaka mingi tangu siku hizo, na ni baada ya kutembea Bweranyange nikiwa mtu mzima ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimekosea.

Bweranyange ilikuwa makao ya wafalme wa Karagwe. Speke na Grant walifika kwa Mfalme Rumanyika mwezi Novemba 1861, na Grant, ambaye mguu wake uliugua vibaya, alibaki huko mpaka Aprili 1862. Stanley naye alifika mwaka 1876, akaonyeshwa nyumba ya hazina yenye mikuki na sanamu za ndege na za wanyama zilizotengenezwa kwa shaba. Vitabu vingi husimulia habari za Karagwe kana kwamba ni habari za wageni hao: walifika lini, walikula nini, waliondoka lini. Mimi nataka kusimulia habari za moto uliokuwapo kabla yao.

Ufalme wa Karagwe ulishikamana na uhunzi. Mapokeo humtaja Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa mfalme mhunzi, na miongoni mwa vifaa vya enzi vilikuwamo fuawe na sanamu za ng'ombe za chuma. Wanaakiolojia Andrew Reid na Rachel MacLean walifanya utafiti Karagwe, na mwaka 1995 wakachapisha makala juu ya maana ya chuma katika jamii ile. Ukitafakari, utaona kwamba si jambo dogo mfalme kujiita mhunzi. Ni kusema kwamba anayejua kuutawala moto anafaa pia kutawala watu. Jembe la mkulima na mkuki wa askari vilitoka katika tanuri, na tanuri lilikuwa kiwanda na chuo kwa pamoja. Kijana alijifunza kwa kuvukuta, kwa kuchagua mti wa makaa, na kwa kukosea mbele ya wakubwa wake.

Elimu hiyo ilikuwa na kina gani? Jibu lilipatikana upande wa ziwa, kwa jirani zetu Wahaya. Mwaka 1976 Peter Schmidt, mwanaakiolojia, na Donald Avery, mtaalamu wa madini wa Chuo Kikuu cha Brown cha Marekani, waliwaomba wazee wajenge tena tanuri la zamani. Wazee hao walikuwa hawajayeyusha chuma kwa miongo mingi. Majaribio ya kwanza yalishindikana, maana mikono ilikuwa imesahau yale ambayo kichwa kilidhani bado kinayakumbuka. Hawakukata tamaa. Walichimba shimo, wakalipaka udongo, wakachoma ndani yake nyasi za kinamasi, wakasimamisha juu yake bomba la mavi ya chuma ya zamani, wakaingiza mirija ya udongo mpaka ndani kabisa ya moto, wakavukuta. Mwishowe chuma kikatoka.

Mwaka 1978 wataalamu hao wawili waliandika katika jarida la Science kwamba joto ndani ya tanuri lilipita nyuzi 1,800 za sentigredi. Walieleza pia kwamba kwa kuwa mirija iliingia ndani ya moto, hewa ilipata joto kabla haijayafikia makaa, na kwamba mabaki yaliyofukuliwa katika nchi ya Wahaya, kama yale ya Kemondo, yalionyesha ufundi wa namna hiyo tangu zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Kule Uingereza, mtu aitwaye James Beaumont Neilson alipata hati ya kupuliza hewa ya moto katika matanuri ya chuma mwaka 1828, na faida yake kubwa ilikuwa kupunguza makaa. Wako wataalamu waliopinga dai la Schmidt na Avery, wakisema kwamba hewa haikai ndani ya mrija muda wa kutosha kupata joto hilo. Mabishano hayo si yangu kuyaamua. Kwangu inatosha kwamba wazee wasiokuwa na cheti walifanya mabingwa wa dunia wabishane.

Hata hivyo sipendi tuwafanye wazee malaika. Chuma kilikula misitu. Kila kipande kilidai makaa, na kila gunia la makaa lilidai miti. Zaidi ya hayo, elimu yenyewe ilifichwa kwa miiko: wanawake walikatazwa kukaribia tanuri, na siri zilibaki ndani ya koo. Basi majembe ya bei nafuu yalipoanza kuja kutoka ng'ambo, matanuri yalizimika moja baada ya jingine, na elimu iliyokuwa imefichwa sana ikakosa pa kujificha. Siri husaidia kulinda ulaji wa mtu, lakini haisaidii elimu kuishi.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya shimo moja lililo kwenye kibanja cha baba yangu mdogo. Mradi mmoja ulimjengea mtambo wa gesi ya samadi. Siku ya kuufungua kulikuwa na hotuba, soda na picha. Mama mdogo alipika chai kwa mwali wa buluu usiokuwa na moshi, na sisi sote tulishangilia. Haukupita muda mrefu vali ikaharibika. Fundi aliyejua kuitengeneza alikuwa amekwisha ondoka na gari la mradi, na vali ya namna ile haikupatikana katika maduka ya kwetu. Siku hizi kuku hutagia karibu na lile shimo, na mama mdogo amerudi kwenye mafiga. Sikumsikia akilalamika. Alisema tu, "Mwanangu, wageni walikuja na moto wao, wakaondoka nao."

Maneno hayo ndiyo kipimo changu ninaposikia habari za vyuo vikuu na nishati mpya isiyoongeza hewa ukaa. Kazi hizo zipo, na nyingine ni nzuri. Hapa Karagwe kwetu, shirika la wakulima la MAVUNO lilishirikiana na wahandisi wa kujitolea kutoka Ujerumani na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin. Walijaribu gesi inayotokana na samadi na migomba, na majiko yanayochoma ile gesi itokayo kwenye kuni au vumbi la mbao, yakabakiza makaa. Makaa hayo yalichanganywa kwenye mboji ili yarudishe rutuba shambani. Na mwaka 2015 mtafiti Ariane Krause na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya jambo hilo. Kampala nako, katika Chuo Kikuu cha Makerere, kipo kituo cha utafiti wa nishati kiitwacho CREEC, kilichoanzishwa mwaka 2001, ambacho hupima majiko na kufanya kazi na watengenezaji wake.

Ninachokipenda katika kazi za namna hii ni kwamba mtafiti, fundi na mpishi hukaa kwenye moto mmoja. Ndivyo ilivyokuwa Bweranyange, isipokuwa huko mpishi alifungiwa nje. Chuo kikiwa peke yake hutoa karatasi. Kiwanda kikiwa peke yake hutoa bidhaa ambayo ikivunjika haina mwenyewe. Mpishi naye akiachwa peke yake atarudi kwenye mafiga, wala hana kosa, kwa sababu mafiga hayana vali.

Kwa hiyo wataalamu wanapokuja na jiko jipya, mimi siwaulizi kwanza litapunguza kuni kwa kiasi gani, ingawa hilo ni muhimu, maana vilima vyetu vinaonekana jinsi vilivyobaki. Nawauliza: likivunjika baada ya ninyi kuondoka, ni nani hapa kijijini atalitengeneza, na udongo au bati la kulitengenezea litatoka wapi? Wakiweza kumtaja mtu huyo kwa jina, nakaa kitako nikawasikiliza.

Wale wazee wa mwaka 1976 walishindwa mara kadhaa kabla chuma hakijatoka. Lakini udongo ulikuwa wao, nyasi zilikuwa za kinamasi chao, na walipokosea hawakuhitaji kumwandikia mtu barua. Walibomoa, wakajenga tena.