Mayai ya Kwaresima

Kuku hajui Kwaresima. Mkristu anafunga, yeye anazidi kutaga. Jambo hili laonekana dogo, hata la kuchekesha, lakini kwa muda wa miaka mamia na mamia liliwasumbua wamama wa Ulaya kila mwaka. Katika taabu yao zikatoka desturi nyingi ambazo watu wa leo wanazifuata bila kujua asili yake. Wasomaji wengi wameona katika picha mayai yenye rangi, wakauliza: mayai haya yanahusiana namna gani na kufufuka kwa Bwana wetu?

Mara nyingi wanajibiwa kwamba kifaranga hutoka katika ganda kama Kristu alivyotoka kaburini. Jibu hilo ni zuri, nasi hatulikatai. Lakini tunaona halitoshi. Pamoja na mfano huo kulikuwa na kikapu kilichojaa jikoni, na mama aliyekuwa akikitazama na kujiuliza atakifanyia nini.

Zamani mfungo wa Kwaresima haukuwa kama wa siku hizi. Katika karne ya tano, Sokrate wa Konstantinopoli, mwandishi wa historia ya Kanisa, alieleza jinsi Wakristu walivyofunga kila mahali kwa namna yao: wengine walikula samaki, wengine samaki na ndege, wengine waliacha mayai na matunda, wengine walikula mkate mkavu tu. Polepole desturi ikawa sheria. Mwaka 692 maaskofu walikutana Konstantinopoli, katika ukumbi wa jumba la kifalme uitwao Trullo. Walisikia kwamba katika nchi ya Armenia watu walikula mayai na jibini siku za Jumamosi na Jumapili za Kwaresima, wakakataza. Roma haikupokea kanuni zote za mkutano ule, lakini juu ya mayai Wakristu wa Magharibi walifunga vivyo hivyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alitoa sababu: mayai na maziwa hutoka kwa wanyama ambao nyama yao imekatazwa; basi chenye kutoka katika nyama kinafuata sheria ya nyama.

Sasa tumtazame kuku mwenyewe. Huku kwetu Kongo mchana una saa kama 12 mwaka mzima, na kuku wetu hutaga bila kujali mwezi. Ulaya si hivyo. Kuku hufuata mwanga. Mwezi wa Desemba jua la Ubelgiji laonekana saa kama nane tu kwa siku. Kuku ananyonyoka manyoya, anakaa kimya, karibu hatagi. Siku zikianza kurefuka, mwezi wa pili na wa tatu, anaanza tena, na kwa nguvu. Na Kwaresima inaangukia wakati gani? Palepale! Familia iliyokaa wakati wa baridi bila yai hata moja ilianza kuyapata siku zilezile Kanisa lilipowaambia: msiyale.

Tufanye hesabu. Tangu Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Kuu ni siku 46. Tuseme mkulima ana kuku sita, na kila mmoja anataga mayai matatu kwa juma. Hao si kuku wa siku hizi wa kampuni, ni kuku wa kienyeji. Siku ya Pasaka mama huyo atakuwa na mayai zaidi ya 100 nyumbani mwake, na jirani yake hivyo hivyo, na kijiji kizima hivyo hivyo.

Kazi yake ilianza kabla ya mfungo, kwa sababu yale ya kwanza yaliyokwisha kutagwa yalipaswa kumalizika. Ndiyo sababu ya siku ile ambayo Wafaransa na Wabelgiji wanaiita «Mardi gras», maana yake Jumanne ya mafuta. Jumatano asubuhi mama hangeweza tena kutia kijikoni mayai, wala maziwa, wala siagi, wala mafuta ya nguruwe. Basi Jumanne jioni alivichanganya vyote pamoja na unga wa ngano, akapata uji mwepesi. Akapakaza mafuta kwenye kikaango cha moto, akamwaga uji kidogo, akaugeuza, akampa mtoto wa kwanza, akaanza mwingine. Hiyo ndiyo krepe. Flandria na Walonia walichoma gofri katikati ya vyuma viwili vyenye mistari. Wapoloni walikaanga maandazi ya mviringo katika mafuta mengi, na kwao siku kubwa ya kuyala ni Alhamisi inayotangulia. Namna zinatofautiana, lakini akili ni ile ile: mayai yaishe, mafuta yaishe, pasitupwe kitu. Huko Uingereza kengele ya kanisa ililia siku hiyo kuwaita watu kwenye Maungamo kabla ya Kwaresima. Siku nyingi zilipopita, na Maungamo yalipoachwa na wengi, kengele ikaendelea kulia, na watu wakaiita kengele ya krepe. Dhambi zimesahauliwa, kikaango kimekumbukwa.

Halafu zikafuata siku 46 za kungoja. Wengine huandika kwamba wamama walichemsha mayai yote ili yasioze mpaka Pasaka. Hatuamini. Yai bichi lina utando mwembamba juu ya ganda unaozuia hewa na uchafu kuingia. Ukilichemsha, utando huo unatoka, na yai halikai siku nyingi. Yai bichi lisiloshwa, likiwekwa mahali pa baridi, hudumu majuma mengi, na wakati ule wa mwaka Ulaya bado ni baridi. Waliyaweka katika majivu, katika pumba, katika majani makavu. Baadaye wengine walijifunza kuyatia katika maji ya chokaa, ambayo huziba matundu madogo ya ganda. Tena mengine waliwawekea kuku walioatamia, maana mwezi wa nne ulikuwa wakati mzuri wa kupata vifaranga. Kujua yai zuri na baya ni rahisi, na kunafaa hata kwetu: litie katika maji. Jipya linalala chini. Lenye siku nyingi linasimama, kwa sababu maji ya ndani yamepungua kupitia ganda na nafasi ya hewa imekua. Likielea, usilivunje ndani ya nyumba.

Ndipo ikafika Pasaka, na mayai yale yote yakaruhusiwa siku moja.

Huko Genova, Italia, walikanda unga wa mkate, wakautandaza uwe mwembamba kama karatasi, wakaweka mboga za majani na maziwa yaliyogandishwa, wakachimba mashimo kwa kijiko, na katika kila shimo wakavunja yai zima. Juu wakafunika tena kwa unga, tabaka juu ya tabaka. Wamama wa Genova husema matabaka yawe 33, kama miaka ya Bwana wetu. Huko Napoli waliweka mayai na maganda yake juu ya mkate, wakayashika kwa vipande viwili vya unga vilivyopandana kama msalaba. Upoloni walioka mkate mtamu mrefu, na mapishi yake ya zamani huomba viini kwa makumi. Mtu akisoma mapishi hayo leo anashangaa: nani ana mayai mengi hivyo? Jibu ni kwamba kila mtu alikuwa nayo.

Na kwa sababu kila mtu alikuwa nayo, hayakuwa na bei. Hilo ndilo tunalolipenda kuliko yote katika historia hii. Mwaka 1290 wafanyakazi wa mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza waliandika katika daftari la matumizi kwamba wamenunua mayai 450 kwa peni 18, ili yapambwe na kugawiwa watu wa nyumba ya mfalme siku ya Pasaka. Ndiyo kusema mayai 25 kwa peni moja, wakati kibarua alilipwa kama peni moja au moja na nusu kwa siku. Kitu kisicho na bei kinagawiwa kwa urahisi. Wakulima walilipa mayai kwa bwana wa shamba kama kodi ya Pasaka. Watoto wanaotumikia Misa walizunguka nyumba kwa nyumba na vikapu, na hakuna aliyewanyima. Waliyapaka rangi kwa maganda ya vitunguu. Wakristu wa Mashariki walichagua nyekundu, rangi ya Damu ya Bwana. Kanisa nalo likayabariki: kitabu cha ibada kilichotolewa na Papa Paulo wa Tano mwaka 1614 kina sala ya kubariki mayai siku ya Pasaka, pamoja na ya mwanakondoo na ya mkate.

Lakini tusifiche upande mwingine. Sheria ile ilikuwa nzuri kwa sababu ilimshika mfalme na maskini sawasawa. Ilipoanza kununuliwa, uzuri ukapungua. Katika nchi za kaskazini, ambako mafuta ya zeituni hayapatikani, watu waliomba ruhusa ya kula siagi na maziwa katika Kwaresima. Waliipata, na wakatoa fedha kwa kazi za Kanisa. Huko Rouen, Ufaransa, kanisa kuu lina mnara uliojengwa tangu mwaka 1485 mpaka 1506, na watu wanauita mpaka leo Mnara wa Siagi, kwa sababu inasemwa ulijengwa kwa fedha hizo. Ni mnara mzuri sana. Lakini mwaka 1520 Luther alipoandika kuwalaumu wakubwa wa Roma, ruhusa hizo za siagi zilikuwemo katika malalamiko yake, na katika neno hilo hakukosa kabisa.

Sheria yenyewe ililegezwa kidogo kidogo. Kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka 1917 kilisema wazi kwamba siku za kuacha nyama, mayai na maziwa si haramu. Papa Paulo wa Sita, mwaka 1966, alisema vile vile.

Huku kwetu, sehemu nyingi za Kongo, wazee wa zamani nao walikataza mayai. Lakini katazo lao halikuwa la siku 40, wala halikumshika mzee mwenyewe: lilishika wanawake na watoto, mwaka mzima, na mwisho wake haukuwa na karamu. Mtoto aliyehitaji kuliko wote ndiye aliyenyimwa. Tunayaandika haya kwa sababu bado tunaziona nyumba ambamo mayai yote yanakwenda sokoni na mtoto mwenye tumbo la njaa anatumwa kuyauza.

Mfungo wa kale haujaisha Afrika. Huko Etiopia Wakristu hukaa siku 55 bila nyama, bila maziwa, bila mayai. Kuku wao pia hawajui Kwaresima. Usiku wa Pasaka, Misa ndefu ikimalizika, familia inarudi nyumbani gizani, mama anafunua chungu cha doro wat: mchuzi mwekundu wa pilipili na vitunguu, kuku ndani yake, na kati ya vipande vya nyama mayai mazima yaliyochemshwa na kumenywa, yaliyochanjwa kidogo kwa kisu ili mchuzi uingie.