Logilaini ya filamu ya vichekesho

Logilaini ni sentensi moja, mara chache mbili, inayoeleza filamu inamhusu nani, anataka nini na nini kinamzuia. Mtayarishaji huisoma kabla ya kuamua kama ataufungua muswada.

Vichekesho vya mji mdogo huiweka sentensi hiyo kwenye mtihani mgumu, kwa kuwa wahusika ni wengi na mwandishi hutamani kuwataja wote. Chukua Waking Ned, filamu ya Kirk Jones ya mwaka 1998. Rasimu legevu ingesema: "Wanakijiji wa Ireland wenye vituko wanakumbwa na bahati nasibu." Hiyo ni mandhari tu, hadithi haipo. Ikikazwa husomeka hivi: "Mzee anapokufa kwa mshtuko akiwa na tiketi ya ushindi mkononi, wazee wawili marafiki wanakishawishi kijiji kizima kidai marehemu yu hai ili wagawane fedha." Sasa kuna lengo, uongo wa kulindwa na hatari ya kuumbuka. Neno "vituko" limeondoka, wala halihitajiki.

Majina ya wahusika huachwa. Kazi, umri au tabia hutosha.

Mahali napo sharti pafanye kazi. Katika Groundhog Day (1993), mtabiri wa hali ya hewa mwenye majivuno anakwama Punxsutawney, Pennsylvania, mji anaoudharau, akiirudia siku ileile. Mji huo ndio adhabu yake, hivyo unastahili kutajwa. Mwisho wa hadithi, kwa kawaida, haufichuliwi.