Ndoo ya Porini na Uaminifu wa Mpita Njia

Mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Methali hii niliiandika ubaoni mara nyingi katika miaka yangu ya ualimu, nikiwahimiza wanafunzi wasikate tamaa na hesabu. Leo naileta mbele ya msomaji kwa sababu nyingine: mchezo wa watu wazima wanaokwenda porini kutafuta vikopo vilivyofichwa na watu wasiowajua. Mzee mwenzangu alipousikia alicheka, akasema hiyo ni kazi ya wasio na kazi. Mimi naona kuwa historia yake fupi inatufundisha jambo zito kuhusu uaminifu.

Mchezo huo huitwa jiokashingi. Jina limeungwa kwa maneno mawili: neno la Kigiriki lenye maana ya dunia, na neno la asili ya Kifaransa lenye maana ya kuficha, ambalo wawindaji wa ngozi wa Amerika Kaskazini walilitumia kwa mahali walipofichia chakula na zana. Mtu huficha chombo chenye daftari ndani, hutangaza latitudo na longitudo ya mahali hapo, na mwingine yeyote hukitafuta kwa kifaa kinachopokea ishara za setilaiti. Akikipata huandika jina na tarehe, kisha hukirudisha palepale. Hakuna kombe wala zawadi ya fedha.

Kuficha na kutafuta hakukuanza na setilaiti. Mwaka 1854, huko Dartmoor, kusini magharibi mwa Uingereza, kiongozi wa wasafiri aitwaye James Perrott aliweka chupa penye bwawa la Cranmere, mahali pagumu kufikika, ili wale waliofika waache humo kadi za majina yao. Kutokana na chupa hiyo ulizaliwa mchezo wa masanduku ya barua ambao unachezwa Dartmoor hadi leo. Maskauti nao walifundishwa kufuata alama za mawe na vijiti zilizoachwa njiani na wenzao. Mwanzilishi wao, Baden-Powell, alifariki mwaka 1941 na kuzikwa Nyeri, Kenya. Juu ya kaburi lake imechongwa mojawapo ya alama hizo, duara lenye nukta katikati, maana yake nimekwenda nyumbani. Sisi wenyewe, tulipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wa jiografia alituficha bahasha vichakani, akatupa dira na ramani, akatuambia atakayerudi bila bahasha asahau chai ya saa nne. Hatukuhitaji kuhimizwa zaidi.

Kilichobadilika ni chombo cha kutafutia. Jeshi la Marekani lilirusha setilaiti ya kwanza ya mfumo wake wa kuonyesha mahali mwaka 1978, kwa kazi za kivita. Mwaka 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotea njia na kuingia anga ya Urusi ya Kisovieti, ikatunguliwa, watu 269 wakafa. Baada ya msiba huo Rais Reagan alitangaza kuwa mfumo huo ukikamilika utatumiwa na raia pia. Hata hivyo wanajeshi walitia hitilafu ya makusudi katika ishara za raia, hivi kwamba kifaa kiliweza kukosea hadi mita 100 hivi. Kwa nahodha aliye katikati ya bahari hilo si neno. Kwa mtu anayetafuta kopo kichakani, ni sawa na kuambiwa limo humo kijijini.

Tarehe 1 Mei 2000 Rais Clinton aliamuru hitilafu hiyo iondolewe, na usiku huohuo ishara zikawa sahihi karibu mara kumi kuliko mwanzo. Tarehe 3 Mei, bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer alichukua ndoo nyeusi ya plastiki, akaifukia nusu yake karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon. Ndani alitia daftari, penseli na vitu vingine vichache, likiwemo kopo la maharage. Kisha akawatangazia wenzake katika intaneti: nyuzi 45 dakika 17.460 Kaskazini, nyuzi 122 dakika 24.800 Magharibi. Sharti lilikuwa jepesi: chukua kitu, acha kitu, andika daftarini. Siku chache tu baadaye Mike Teague aliipata. Tarehe 30 mwezi huohuo Matt Stum akapendekeza jina la jiokashingi, na mwezi Septemba Jeremy Irish akafungua ukurasa wa mtandao wa kuorodhesha vikopo, ambavyo wakati huo vilikuwa 75 tu duniani. Leo ni zaidi ya milioni 3. Ile ndoo ya kwanza haipo tena. Mahali pake pamewekwa bamba la kumbukumbu.

Mwalimu wa jiografia hawezi kuziona namba hizo akanyamaza. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Ukiigawa mara elfu, kama Ulmer alivyofanya, unapata mita moja na sentimita 85, urefu wa mtu mrefu kidogo. Vizazi vya wanafunzi wangu vilikariri latitudo kama sala, bila kuamini kuwa mistari ile inapita kweli katika shamba la mtu. Mchezo huu unawaonyesha kwa miguu yao.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba chombo humaliza kazi. Setilaiti hizo zimo umbali wa kilomita 20,200 juu ya dunia, na kifaa hupima muda ambao ishara imetumia kufika. Kinahitaji kusikia setilaiti nne: tatu za kujua mahali, na ya nne ya kusahihisha saa yake, kwani kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300. Chini ya miti mikubwa, bondeni, au kati ya maghorofa, ishara hudhoofika na kurukaruka. Hapo ndipo mtafutaji huweka kifaa mfukoni, akainama, akatumia macho na akili. Jiwe lililokaa tofauti na wenzake, au majani yaliyolala upande mmoja, ndiyo hadithi anayopaswa kuisoma. Na raha ya mchezo imo hasa katika hatua hizo chache za mwisho.

Matatizo mengine hutoka kwa binadamu. Chakula kilikuja kukatazwa kwa sababu wanyama hunusa na kuvunja vyombo. Kufukia ardhini kukakatazwa kwa sababu watafutaji huchimbachimba. Na ruhusa ya mwenye ardhi ikawa sharti. Pia kuna hofu. Mwaka 2011, katika mji wa Wetherby, Uingereza, mtu alionekana akiinama kuficha kisanduku nje ya mkahawa. Barabara ilifungwa, wataalamu wa mabomu wakaja na kukilipua kisanduku ambacho hakikuwa na ubaya wowote. Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haki ya kuwacheka. Tangu tarehe 7 Agosti 1998, mabomu yalipolipuka Nairobi na Dar es Salaam kwa asubuhi moja, furushi lisilo na mwenyewe halijawa tena furushi tu. Anayetaka kucheza kwetu na asikaribie daraja, kituo cha mabasi wala ofisi ya serikali, na awaambie wenyeji anachofanya.

Niliyathibitisha hayo mjukuu wangu aliponichukua kutafuta kopo moja kwenye kilima nje ya mji. Simu yake ilisema tumefika. Tukazunguka mbuyu mara tatu, tukapekua mawe, tusione kitu. Akatokea kijana mchunga mbuzi, wa miaka kumi na miwili hivi.

"Shikamoo babu. Mnatafuta kile kikopo?"

"Marahaba. Unakijua?"

Alikijua vizuri. Alituongoza hatua nane hivi, akaondoa jiwe bapa, akatukabidhi kopo lenye daftari na kalamu. Nikamwuliza mbona hakuchukua kalamu, naye shuleni anaihitaji. Akanijibu kwamba aliyasoma majina yale, akaona ni mali ya watu wanaorudi. Siku moja mvua ilipolisogeza kopo, alilirudisha yeye. Hakuwa na simu, wala hajawahi kusikia jina la mchezo huo.

Nimelifikiria sana jibu lile. Tunawasifu waliorusha setilaiti, na wanastahili sifa. Lakini hakuna setilaiti inayoweza kulinda kopo chini ya jiwe. Kila kopo kati ya hayo mamilioni lipo kwa sababu watu wasiojuana walilikuta mahali pasipo na askari wala kamera, wakaliacha. Wengine hawakuliacha, na makopo mengi hupotea kila mwaka; lakini waliopotelewa huweka mengine. Mchezo ungekufa mwaka uleule wa 2000 kama wapita njia wengi wangekuwa wezi.

Ndugu msomaji, tumezoea kulalamika, hasa sisi wazee, kwamba uaminifu umekwisha duniani. Huenda tunautafuta mahali pasipo pake, katika mikutano na hotuba. Vaa viatu imara, mchukue mjukuu wako, mwende kilimani mkatafute. Mkilipata kopo, andikeni majina yenu kwa mwandiko unaosomeka, mlirudishe palepale, na jiwe juu yake.