Kuta za Chwaka na Urithi wa Tumbe

Karibu na kijiji cha Tumbe, kaskazini mashariki mwa Pemba, yapo magofu ya Chwaka: msikiti na makaburi ya mawe na chokaa. Kaburi mojawapo latajwa kuwa la Haruni, ambaye mapokeo yamfanya mwana wa Mkame Ndume wa Pujini.

Uchimbaji umetuonyesha kwamba Tumbe palikuwa na makazi makubwa tangu karne ya 7 hadi ya 10. Nyumba zake za miti na udongo zimerudi ardhini. Vimebaki vigae, vingine vyenye mifuo iliyotumika kusugulia shanga. Baadaye, karne ya 11 hadi ya 16, ukasitawi mji wa Chwaka, ambao msikiti wake wa mawe ungali una kuta.

Tusidhani kuwa nyundo peke yake ndiyo ibomoayo. Lipu ikibanduka, mvua hupenya, mizizi hupasua ukuta, na mawe huchukuliwa kujengea kwingine. Hata Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, haikuvunjwa kwa amri ya mtu: sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika matengenezo, na watu 2 wakafa.

Basi yatupasa kufyeka vichaka, kuziba nyufa kwa chokaa badala ya saruji, na kuwashirikisha wenyeji katika ulinzi. Udongo wa Tumbe haukutuachia kuta. Za Chwaka zikianguka, wajukuu wetu watasimuliwa tu yale ambayo sisi tuliyaona kwa macho.