Nani Hutawala Nia ya Mhusika?

Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974, ulizaliwa na michezo ya vita ya mezani. Humo mchezaji humwongoza mhusika wake kwa maneno. Dadu huamua mapigo na majeraha. Mvuto wa mhusika, ingawa ulipimwa kwa namba, ulihusu hasa idadi na uaminifu wa watumishi wake. Nia ya mchezaji mwenyewe haikuguswa, isipokuwa kwa uchawi. Ajabu ni kwamba mchawi alipewa haki ambayo msemaji hodari alinyimwa.

Mwaka 1985 Greg Stafford aliuvuka mpaka huo katika Pendragon, mchezo wa mashujaa wa Mfalme Arthur. Tabia zimepangwa katika jozi 13 zinazopingana, kama rehema na ukatili, na jumla ya kila jozi ni 20. Shujaa ambaye ukatili wake umefikia 16, akitaka kumsamehe adui, huweza kuzuiwa na dadu. Itasemwa kwamba mchezaji amepokonywa mtu wake. Hoja hiyo ni dhaifu, kwa kuwa namba hiyo hupanda kutokana na matendo aliyoyachagua mwenyewe, yakipimwa kila majira ya baridi ya mchezo.